Anti, Chemchemi Imekauka na Naambiwa Nina Wivu

Mwezi huu meseji zenu zimefurika, nyingine zimeandikwa kwa herufi kubwa tupu kama mtu anagomba, nimezisoma zote jikoni huku mvua ya Mbeya inagonga bati mpaka redio haisikiki. Karibu nyote mnauliza kitu kilekile kwa majina tofauti, kwamba mbona anayekula faida siye anayeugua. Haya tuanze, na sifuati foleni, naanza na ile iliyoniuma.

SWALI: Kamwene Anti. Mi ni mama wa watoto wanne huku Njombe vijijini. Chemchemi yetu tulikuwa tunachota mwaka mzima hata mwezi wa kumi kabla mvua hazijaanza. Miaka kama nane iliyopita mtu wa mjini akanunua shamba pale juu akapanda milingoti mpaka imegusa kisima kabisa, sasa ikifika mwezi wa nane maji hamna, tunashuka bondeni saa nzima kwenda na kurudi na ndoo kichwani. Mtendaji anasema shamba ni la mtu na ana hati. Niliposema kwenye mkutano nikaambiwa nina wivu na mali za watu. Hivi kweli ni wivu?

JIBU: Kamwene mwanangu. Wivu! Yaani mtu akiuliza maji yameenda wapi anaambiwa ana wivu, hilo neno nalijua, mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa hivyo na mtu mwenye meza na kiti cha kuzunguka.

Sikiliza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, na zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa, na hizo mita 60 ndizo maafisa wanazozitaja pia kwenye chemchemi. Kwahiyo hati anayo sawa, ila hati haimpi mtu ruhusa ya kukausha kisima cha kijiji. Shamba lake linabaki lake, ila kile kipande cha karibu na maji hakifanyii anavyotaka.

Na mlingoti wenyewe usiuchukie bure, ni mti mgeni kutoka Australia, unakua haraka kwasababu unakunywa haraka, mizizi inaenda chini kufuata unyevu na hauchoki. Ukiupanda mgongoni mwa kilima kikavu unakupa nguzo na kuni na ada za watoto, nani atakataa. Ukiupanda kwenye chemchemi ni sawa na kumkaribisha mlevi alale chumba cha pombe.

Sasa cha kufanya, na tafadhali usiende na panga usiku, ukikata mti wa mtu kesi inageuka, wewe ndo unakuwa mhalifu na yeye anakuwa mwathirika. Nunueni daftari la shule, lile la kawaida tu. Andikeni tarehe maji yalipoisha mwaka huu, mwaka jana kama mnakumbuka, nani anatembea muda gani, mtoto gani anachelewa shule. Chukueni kamba mpime kutoka kisimani mpaka mlingoti wa kwanza, mpime mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na aweke sahihi. Halafu andikeni barua kwa serikali ya kijiji na kamati ya mazingira, nakala kwa afisa mazingira wa wilaya na kwa bodi ya maji ya bonde lenu, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri barua hiyo haijawahi kuwepo, mtaambiwa hatujaiona. Na msaini wengi, ukisaini peke yako ndo hapo unapoitwa mwenye wivu, wakisaini kaya arobaini hakuna wivu wa watu arobaini.

Akikubali kung'oa pandeni mivengi na mikuyu, bibi zetu walikuwa wanaiacha kwenye maji na hawakusomea.

SWALI: Anti mambo, mi nasoma chuo hapa Iringa. Kuna mada ya haki ya mazingira, mwenzangu anasema ni mambo ya wazungu wa NGO wanatuletea ili wapate hela za semina. Mi nimeshindwa kumjibu. Nisaidie.

JIBU: Poa mwanangu. Mwenzako ana robo ya ukweli, semina zipo na posho zipo, sibishi. Ila jambo lenyewe halikuzaliwa kwenye semina.

Kule Marekani, jimbo la North Carolina, kuna wilaya inaitwa Warren, wakazi wake wengi walikuwa weusi na maskini. Mwaka 1978 watu walimwaga kinyemela mafuta yenye sumu ya PCB, ile iliyokuwa inawekwa kwenye transfoma, pembeni ya barabara kilomita na kilomita. Serikali ya jimbo ikasema udongo ule utachimbwa na kuzikwa sehemu moja, na sehemu iliyochaguliwa ikawa Warren. Mwaka 1982 watu wakalala barabarani mbele ya malori, wakakamatwa zaidi ya 500. Na unajua nini, walishindwa, udongo ulizikwa palepale. Lakini swali lao halikuzikwa, kwamba mbona jalala linaletwa kwetu tu, na mwaka 1987 kanisa moja kubwa la huko likatoa ripoti ya nchi nzima kuonyesha kwamba rangi ya watu wa mtaa ndo inayotabiri kuliko kitu kingine chochote taka za sumu zitawekwa wapi. Mpaka hapo mzungu wa NGO humuoni.

Njoo India, mwaka 1974, kijiji cha Reni huko milimani, wanaume wameitwa mjini kwa ahadi ya fidia, wakata miti wakaja siku hiyohiyo. Mama mmoja anaitwa Gaura Devi akatoka na wanawake wenzake wakasimama kwenye miti mpaka wale watu wakaondoka. Wale wakina mama hoja yao ilikuwa kuni, majani ya ng'ombe na maporomoko ya udongo, kama mama wa Njombe hapo juu tu.

Na hapa jirani Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilikuwa kinapumulia madini ya risasi kwenye nyumba za watu. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hichohicho, mtoto wake mchanga akaugua, vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu. Akaacha kazi akaanza kugonga milango. Mwaka 2020 mahakama ikawapa wakazi shilingi bilioni 1.3 za Kenya, rufaa ikawanyang'anya mwaka 2023, Mahakama ya Juu ikawarudishia Desemba 2024. Hesabu mwenyewe hiyo miaka. Mwambie mwenzako akitaka semina aende Owino Uhuru.

SWALI: Shikamoo Anti. Niko Chunya, nafanya kazi mwaloni, pale tunapooshea dhahabu, umri miaka 31. Zebaki ananipa mnunuzi wa dhahabu kwa mkopo, masharti nikishachoma nimuuzie yeye kwa bei yake. Nachomea nyumbani chumbani kwasababu ukichomea nje watu wanakuona na wezi wapo. Sasa miezi kadhaa mikono inatetemeka, kalamu haishikiki vizuri, nasahau sahau, mke ana mimba ya miezi mitano. Wenzangu wanasema ni kulogwa. Je zebaki inaweza kufanya hivi au nitafute mtaalamu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mtaalamu tafuta, ila wa hospitali, na uende wiki hii. Ukifika usiseme tu natetemeka, sema wazi nachoma zebaki ndani ya nyumba, uliza kipimo cha mkojo cha zebaki. Mkeo aende kliniki aseme hivyohivyo. Na leo hiihii, kabla hujamaliza kusoma, hicho chumba asilale mtu, fungueni madirisha, nguo za kazini zisiingie ndani.

Kinachotokea ni hiki. Zebaki inashika dhahabu, ukiichoma inageuka mvuke usioonekana wala kunuka, unauvuta, mapafu yanaupokea vizuri tu na unaelekea kwenye ubongo na figo. Kutetemeka, kusahau, hasira za ghafla, zote hizo zinaandikwa kwenye vitabu vya madaktari miaka mingi. Mtoto tumboni ndo anaumia zaidi. Unaobaki unatua kwenye ukuta, kwenye godoro, kwenye vumbi, kesho unavuta tena.

Ngoja nikupe kisa cha Minamata, huko Japani, maana hata mkataba wa dunia wa zebaki wa mwaka 2013 umeitwa jina la mji huo. Kiwanda cha kemikali cha kampuni ya Chisso kilimwaga maji taka yenye zebaki kwenye ghuba kuanzia 1932 mpaka 1968. Paka ndo walianza, wanayumba, wanarukaruka, wanatumbukia baharini, watu wakacheka kwamba paka wanacheza ngoma. Kisha wavuvi na watoto wao. Ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956 na majirani wakawatenga wagonjwa wakidhani unaambukiza, wengine walisema ni laana, unaona hapo, kulogwa kwenu na laana yao ni ndugu. Mwaka 1959 daktari wa kiwanda mwenyewe alimlisha paka chakula kilichochanganywa na maji taka ya kiwanda, paka akaugua uleule, kampuni ikaficha. Zebaki ya kule ilikuwa ya aina nyingine, inayopitia kwenye samaki, sio mvuke kama wako, lakini hii yenu nayo ikishuka kwenye mito wadudu wa kwenye tope wanaigeuza kuwa ileile. Wagonjwa walishinda kesi mwaka 1973. Kutoka 1956 mpaka 1973, ni mtu kuzaliwa mpaka kumaliza fomu foo karibu.

Sasa kuhusu kazi, sitakwambia acha, utakula nini. Kuna chombo kilichofungwa cha kuchomea, kina bomba linalopozwa na maji, zebaki inarudi kwenye kopo unaitumia tena, mafundi vyuma wa kawaida wanaweza kukitengeneza, muulize afisa madini hapo kwenu. Mkichanga watu watano hakiwi ghali, na mnachomea sehemu moja ya wazi mkiwa wengi, wezi watawaogopa. Sufuria ya kupikia hapana kabisa.

Ila huyo mnunuzi ndo ananikera. Anakupa sumu kwa mkopo, anachukua dhahabu kwa bei yake, wewe unabaki na mtetemeko. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina kanda hapa Mbeya na muuzaji wa kemikali anatakiwa awe amesajiliwa kwao. Mkiwa kikundi mnaweza kuuliza huyu amesajiliwa lini. Muulize tu uone uso wake. Na nenda masoko ya madini ukajue bei, mtu asiyejua bei ndo anakopeshwa.

SWALI: Anti, mi dereva wa lori, naishi Tunduma, napita Zambia kila wiki. Mwaka 2025 niliona watu wa Kitwe wanahangaika na maji ya mto yameharibiwa na mgodi. Nikawaza huku kwetu ikitokea hivi mtu maskini anaweza kweli kuishtaki kampuni ya nje? Au tunajidanganya?

JIBU: Kaka dereva hujambo, endesha taratibu huo mteremko wa kuingia Mbeya.

Ulichokiona ni bwawa la mabaki ya mgodi wa shaba wa Sino-Metals pale Chambishi, lilipasuka Februari 2025, maji yenye tindikali yakaingia mto Mwambashi na kwenda mto Kafue, samaki wakafa, na Kitwe wakakatiwa maji ya bomba.

Kuhusu kushtaki, jibu liko hapohapo Copperbelt, huo mkoa wa migodi ya shaba. Wanavijiji 1,826 wa karibu na Chingola walisema mgodi wa Konkola umechafua mito yao na mashamba yao. Mmiliki wake mkubwa, Vedanta, alikuwa amesajiliwa London. Wakamfuata hukohuko. Kampuni ikasema kesi iende Zambia, ikabishana miaka, na tarehe 10 Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema hapana, inaweza kusikilizwa hapa, moja ya sababu ikiwa kwamba hawa watu kule kwao hawana uwezo wa kupata mawakili wa kesi kubwa namna hii. Mwaka 2021 kampuni ikakubali kumalizana nao bila kukiri kosa. Kwahiyo inawezekana, ila nisikudanganye, walipata mawakili waliokubali kubeba kesi, na walikuwa wengi na majina yameandikwa. Mmoja mmoja wangeambiwa warudi kesho.

Na sio kila kesi inaisha vizuri. Ken Saro-Wiwa wa Ogoni, Nigeria, aliyepigania mito iliyojaa mafuta, alinyongwa na serikali ya kijeshi Novemba 1995 pamoja na wenzake wanane. Ndo maana nawakazania muwe wengi.

SWALI: Anti nauza nyanya Mwanjelwa. Wametupiga faini ya vile vimfuko vya nailoni vyeupe, kwani vinatengenezwa na sisi? Haki iko wapi?

JIBU: Dada yangu pole. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na hivyo vyeupe ni vifungashio, ukimpa mteja kubebea nyanya umekigeuza mfuko. Kwahiyo kisheria wamekushika. Ila swali lako ni zuri kuliko faini yao, kwani wewe huna mashine, kuna mtu anatengeneza na mwingine anakuletea jumla sokoni mchana kweupe. Mkiwa kwenye kikao cha soko na maafisa wakiwepo ulizeni wamekamata wangapi wa jumla mwaka huu, katibu wa soko aandike jibu kwenye muhtasari. Wateja nao waje na vikapu jamani, mbona mama zetu walikuwa navyo.

SWALI: Anti mwagonile. Mi Mnyakyusa nimeolewa Ubaruku, Mbarali, mume wangu analima mpunga. Dada yake ameolewa na mfugaji. Kila sikukuu wanagombana, mume anasema ng'ombe ndo wameua Ruaha, shemeji anasema wakulima ndo wanakunywa mto wote, mwaka jana waligombana mpaka wali ukapoa. Nani mkweli?

JIBU: Mwanangu ndaga kwa salamu. Wali wa Mbarali ukapoa, hiyo ndo dhambi ya kwanza.

Ruaha Mkuu ulianza kukauka kabisa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha mwaka 1993, kabla ya hapo ulikuwa hausimami. Chini yake kuna mabwawa ya umeme, Mtera na Kidatu, kwahiyo mgao wa umeme ulipokuja mpaka Dar wakaanza kuuliza nani kaiba maji. Na wa kwanza kunyooshewa kidole akawa mfugaji, maana ng'ombe anaonekana, mfereji hauonekani. Mwaka 2006 wafugaji na mifugo yao wakaondolewa bonde la Usangu, huko juu ya mto, wengine wakaswaga mpaka Pwani na Lindi, na mwaka 2008 Usangu ikaongezwa kwenye Hifadhi ya Ruaha, vijiji vingine vikajikuta ndani ya mpaka.

Ng'ombe wametolewa, mto ukaendelea kukauka. Hapo shemeji yako ana hoja. Watafiti waliopima maji Usangu walionyesha kwamba kinachoua mto kiangazi ni maji yanayochepushwa kwenye mabanio, vile vizuizi vya kuingiza maji mferejini, huko juu wakati ule mto wenyewe umebaki kidogo, Ihefu, lile eneo la majimaji la Usangu, haijai, na Ihefu isipojaa hakuna kinachomwagika pale Ng'iriama kwenda hifadhini. Lakini mumeo naye asibebeshwe yote, yeye ana majaruba mangapi, kuna mashamba makubwa yenye mabanio ya zege na vibali, na kuna maji yanaachwa yanatembea kwenye mifereji mwezi wa tisa na hakuna mpunga shambani, yanaliwa na jua tu. Ng'ombe wengi kwenye tope la Ihefu nao wanakanyaga na kuharibu, sisemi hawana neno.

Mimi naona waliogombana kwenye wali wako ni watu wawili waliobaki na mabaki. Huyu alihamishwa, yule anahofia kuhamishwa. Na vijiji vya huko vilipoona mradi wa utalii uliopata mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 150, unawasogelea, wananchi walipeleka malalamiko mpaka kwenye benki yenyewe Washington, wakiandika nani kafanyiwa nini, na Aprili 2024 benki ikasimamisha kutoa hela za mradi. Kutoka Mbarali mpaka Washington, kwa karatasi.

Kwahiyo sikukuu ijayo waulize hivi, banio lenu linafungwa tarehe ngapi? Nani ana funguo? Jumuiya ya watumia maji ina mfugaji hata mmoja kwenye kamati? Maana kwenye jumuiya nyingi nilizotembelea mfugaji haitwi, anaitwa siku ng'ombe wakishaingia shambani. Mumeo na shemeji yake waende pamoja Bodi ya Maji Bonde la Rufiji kuomba kuona kibali cha banio la jirani yao mkubwa kinasema lita ngapi na kiangazi ni lita ngapi. Waende wawili, mkulima na mfugaji kwenye bodaboda moja, nataka kusikia karani atafanya uso gani. Wali uwasubiri kwenye hotipoti.